Kutoka Kariakoo hadi Kilwa kwa kafi: Maandalizi ya msafiri mmoja

Katika nyumba moja ya Gerezani, mwendo wa dakika chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, kuna chombo kigeni kilicholala ukumbini tangu mwezi wa Safar. Ni kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki wenye rangi ya chungwa na urefu wa kadiri ya mita nne na nusu, uliofunikwa juu na kuachiwa tundu moja tu la kukalia mtu. Watalii huzipanda za namna hiyo kwenye hoteli za pwani kwa saa moja au mbili, kisha hurudi kunywa chai. Hii ilinunuliwa imekwishatumika, ina kiraka chini. Watoto wa nyumba wakirudi madrasa hujikalisha ndani yake na kupiga kafi hewani, na wapangaji wanaokwenda uani usiku wamekwishazoea kuiruka.

Mwenyewe ni kijana wa miaka 27, fundi wa simu katika mitaa ya karibu na Aggrey. Babu yake mzaa mama alizaliwa Kilwa Kivinje, akaja Dar es Salaam kwa mashua iliyopakia boriti za Rufiji, akafia hapahapa mjini. Kijana amekua akiyasikia majina ya njia ile yakitajwa nyumbani kama watu wengine wanavyotaja vituo vya daladala: Kimbiji, Kwale, Kisiju, Samanga, Songosongo, Kivinje. Mwaka huu ametia nia ya kuirudia njia hiyo kwa mikono yake, zaidi ya kilomita 200, tena peke yake.

Tusifiche: tulipoambiwa mara ya kwanza tulimdhania ni mtu aliyechoshwa na makelele ya Kariakoo, anayetafuta pa kupumzikia. Mama yake ndiye aliyetufuata ofisini. Alitaka tuandike makala ya kumkataza mwanawe, akidhani kwamba lililoandikwa gazetini atalitii kuliko lililosemwa jikoni. Hatukuiandika. Tuliomba badala yake kufuatana na kijana katika maandalizi yake yote, na tukawekeana sharti kwamba majina ya watu wa nyumba hiyo hayatatajwa.

Tulikuwa na sababu yetu pia, nayo ni ya zamani. Ami yetu mmoja alikuwa mvuvi wa Kigamboni. Msimu mmoja alitoka na ngalawa yake peke yake kwenda dago, yaani kambi ya msimu ya wavuvi, upande wa kusini. Hakusema ni kambi ipi. Aliaga kwa kusema kwamba atarudi maji yakitulia. Wiki ya kwanza hakuna aliyeshituka, maana wavuvi ndivyo walivyo. Ya pili hali kadhalika. Ilikuwa wiki ya tano ndipo wazee walipoanza kuulizana, na kila mmoja akagundua kwamba alikuwa akidhani mwenzake anajua alikokwenda. Ami hakurudi, wala ngalawa yake haikuonekana, wala ubao wake mmoja.

Mkewe, ambaye sisi tulimwita Mama Mdogo, alibaki hana jina. Hakuwa mke, kwani mume hayupo. Hakuwa mjane, kwani hakuna aliyeshuhudia kifo. Eda haikuanza na mirathi haikugawanywa. Wanazuoni wametofautiana juu ya mtu aliyepotea: wapo wanaofuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) ya kungoja miaka minne, na ipo kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, kwamba mke angoje mpaka ipatikane yakini, au hukumu ya kadhi. Sisi tulikuwa watoto na hatukujua lolote katika hayo. Tulichokijua ni kwamba kanzu ya ami ilikuwa ikipigwa pasi kila Alhamisi jioni na kutundikwa mlangoni. Na tulikijua kile cherehani kilichouzwa, kwa sababu walitokea watu watatu waliosema wanamdai marehemu, kama ni marehemu, na mmoja wao hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha dai lake.

Basi tulipoanza kufuatana na kijana huyu, hatukumwuliza kuhusu kayaki. Tulimwuliza nani atajua yuko wapi siku ya tatu. Hakuwa na jibu, na alilikasirikia swali.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Feri, kwenye soko la samaki la Kivukoni. Tulimtafuta mzee mmoja aliyeendesha mashua za mizigo kati ya Dar es Salaam na Kilwa kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, akitazama samaki wakinadiwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari zako. Hicho chombo chako kina tanga?”

“Hakina, mzee wangu.”

“Basi tanga ni wewe. Leo mwezi ngapi?”

Kijana alitoa simu mfukoni akaitazama, akataja tarehe ya mwezi wa Kizungu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akatugeukia sisi kana kwamba ndio tuliomlea vibaya.

Aliloliuliza mzee ni mwezi wa angani, na swali lake ndilo lililofungua somo lililochukua mchana mzima. Bahari yetu hufuata mwezi, na kalenda yetu ya Hijria ni mwezi wenyewe; kwa hiyo Mwislamu wa pwani anayejua tarehe yake ya Kiislamu anajua pia maji yatajaa lini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Hapa Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Zinapofika tarehe 7 au 8, na tena 21 au 22, huja maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, na saa zake zimegeuka, yaani yanajaa kwenye saa nne. Kila siku inayopita, maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50.

Mtu wa mashua yenye mabaharia wanane anaweza kuyapuuza hayo kwa kiasi fulani. Mtu mmoja mwenye kayaki hawezi, na mzee alimweleza sababu yake kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini ina mwamba mpana mbele ya ufuko. Ukitoka alfajiri ya bamvua, utaondoka vizuri juu ya maji mengi. Ukichoka saa nne ukataka kupumzika, utakuta maji yameukimbia ufuko, na kati yako na mchanga pana mamia ya hatua za mawe makali na urumba wa baharini. Kayaki iliyojaa mizigo haibebeki na mtu mmoja, na ukiiburuta juu ya mwamba tumbo lake litachanika. Itakubidi ukae juani majini mpaka alasiri maji yarudi, na alasiri ndipo upepo unapoongezeka. Siku za maji mafu ni kinyume chake: unaondoka baada ya Swala ya Alfajiri, unapiga kafi asubuhi bahari ingali imetulia, na saa nne maji yanakupeleka mpaka mchangani.

“Kwa hiyo wewe safari yako ni ya tarehe 7 na ya tarehe 21,” alisema mzee. “Katikati ya hapo lala kwa watu, shona nguo.”

Upepo nao alikuwa na maneno juu yake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, baina ya Aprili na Oktoba, huwa na nguvu, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hulegea. Anayekwenda kusini kwa nguvu za mikono hana msimu mwingine ila kaskazi, upepo ukiwa mgongoni na mkondo ukiwa umechoka. Rajab ya mwaka huu imeangukia ndani ya kaskazi. Ila kaskazi ndio pia msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini, na ingawa ni nadra kufika kwetu, hufika. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha Aprili 1952 mpaka kufa kwao, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani ya kusini. Safari hiyo watu walipata habari mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza siku kadhaa kabla, na boti za Zanzibar zilisimamishwa. Kijana ameandika katika daftari lake kwamba hatagusa maji siku yoyote bila kusikiliza utabiri wa bahari, na mzee akamwongezea: ukisikia utabiri mzuri na wavuvi wa kijiji hawakutoka, na wewe usitoke.

Hapo ndipo ununuzi ulipoanza, na kwa ununuzi kijana huyu hakuwa na haja ya kutoka mitaani kwake. Soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza hata wiki moja. Kamba za nailoni, turubai, ndoano na mishipi, filimbi, tochi ya kichwani, madumu, mapipa madogo ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza: vyote vilipatikana kati ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, kwa bei ya kupatana na kwa jasho jingi. Wauzaji walipoulizwa kama kifuniko hakipitishi maji walijibu kwa kiapo. Tulijifunza kutokiamini kiapo. Kila pipa lilitiwa gazeti kavu ndani, likazamishwa usiku kucha katika tangi la maji la uani, na asubuhi tukalisoma gazeti. Mapipa matano kati ya manane yalifaulu.

Jaketi la kujiokolea lilitupa somo kali zaidi. La kwanza, duka hatulitaji, lilikuwa jipya, linang'aa, lina maandishi ya kutia moyo. Tuliliweka tangini likiwa limekandamizwa kwa jiwe, na kulipopambazuka lilikuwa zito kama godoro lililonyeshewa. Sponji yake ilikuwa ya kunywa maji. Tulijiuliza ni abiria wangapi wa ngalawa na boti ndogo wanaoketi juu ya majaketi ya namna ile wakiwa na amani moyoni. Mzazi anayesoma hapa na ana mtoto anayevuka maji kwenda shule, alijaribu la mtoto wake usiku wa leo. La pili lilipatikana kwa mtu anayeuza vifaa vya meli, kwa bei mara nne, na kijana aliuza simu yake nzuri kulilipia.

Maji ya kunywa ni hesabu isiyo na huruma. Mtu anayefanya kazi juani siku nzima anahitaji kama lita tano. Lita 20 ni kilo 20, nazo ni siku nne tu. Kwa hiyo vituo vilipangwa kwa kufuata visima, si kwa kufuata mandhari. Chakula kilikuwa chepesi zaidi kukipanga: tende, makopa, mchele, dagaa wakavu, karanga, na pakiti za dawa ya chumvi na sukari kutoka duka la dawa. Mama mtu, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaridhia safari, alitengeneza kashata ndoo nzima na kusema kwamba ni za kuuza.

Wiki mbili zilizofuata zilitumika Mjimwema, Kigamboni, na tunakiri kwamba ni hapo tulipoogopa kweli. Kayaki ya namna hii ikipinduka, mtu hutoka chini akiwa hai, hilo si gumu; kazi ni kurudi ndani. Tundu limejaa maji, chombo kimekuwa kizito na kinayumba, na kila ukipanda upande mmoja kinakugeukia. Wenzake wawili walisimama na ngalawa karibu yake, naye akajipindua kwa makusudi penye kina. Mara ya kwanza alipambana dakika 11 na hakuweza kupanda. Walimtoa akitapika maji ya chumvi. Siku ile hakusema neno njia nzima, tangu pantoni mpaka Gerezani.

Dawa yake ilitoka kwa watoto wa Feri. Alipachika madumu matupu ya lita tano, yaliyokazwa vifuniko, mbele na nyuma ndani ya kayaki, ili maji yakiingia yasipate nafasi kubwa ya kukaa. Akafunga kitanzi cha kamba cha kukanyagia mguu wakati wa kupanda. Kafi ikafungwa kwa uzi mrefu isimkimbie. Na upo wa kufulia maji, uliokatwa kutoka dumu la mafuta ya kula, ukafungwa ubavuni mahali mkono unapofika bila kutazama. Tulipokwenda mara ya mwisho alikuwa akipanda kwa dakika mbili na kufua maji kwa sita. Alilirudia zoezi hilo mara 30, mara 10 kati ya hizo ikiwa usiku.

Hata hivyo neno lililobaki gumu lilikuwa “peke yake”.

Kwa hilo walikwenda kwa Sheikh, kijana na mama yake, na sisi tukiwa nyuma yao. Sheikh hakupandisha sauti. Alieleza kwamba imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake, na zimepokewa katika Sunan hadithi za kupendekeza wasafiri wawe watatu. Imepokewa pia makatazo ya kupanda bahari inapokuwa imechafuka. Wanazuoni wengi wameliweka jambo la kusafiri peke yako katika makuruhu, wengine wakaliachia pale penye haja na njia yenye amani. Kisha akauliza maswali mawili. Pana sehemu gani ya njia hii ambayo ukiumia hapana binadamu wa kukuona? Na mama yako amekuridhia?

Swali la pili halikuwa na jibu siku ile. La kwanza lilikuwa nalo, na kijana alilijua vizuri kuliko sisi, kwa kuwa alikuwa ameitazama ramani usiku mwingi: ni delta ya Rufiji. Kuanzia kusini ya Kisiju mpaka karibu na Samanga, pwani si mchanga tena. Ni mikoko, kadiri ya hekta 53,000, msitu mkubwa wa namna yake kuliko wote katika Afrika ya Mashariki, uliokatwakatwa na midomo ya mto. Maji yakipwa hubaki matope ya kuzama mpaka mapajani. Viboko na mamba wamo. Simu hushika mahali na kukatika mahali. Vijiji vipo, vya watu wakarimu wanaoishi kwa samaki na mpunga, lakini viko ndani ya vijito ambavyo mgeni haoni mlango wake mpaka amekwishaupita.

Kijana alishikilia kwamba delta ndiyo safari yenyewe. Akiiruka, atakuwa amefanya nini? Tulimwelewa. Babu yake alipakia boriti humohumo, na majahazi yaliyozipeleka Arabuni na Ghuba yalizichukua humo. Alinuna wiki nzima na hakupokea simu zetu. Mwishowe mzee wa Feri ndiye aliyelimaliza, kwa kumwambia kwamba yeye mwenyewe katika miaka 40 hakuwahi kuipita delta bila kumchukua mwenyeji wa kumwonyesha njia, na kwamba babu yake kijana, ambaye alimfahamu, hakuwahi pia. Neno hilo la mwisho lilifanya kazi. Sasa imekubaliwa kwamba tangu Kisiju mpaka Samanga atafuatana na wavuvi wawili wenye mtumbwi wao, wenyeji wa Nyamisati, nao watalipwa ujira wao.

Nia ya awali ya kuendelea mpaka Mtwara nayo imeachwa. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, vijiji vya pwani karibu na Ruvuma vimekuwa na hadhari kubwa kwa kijana mgeni anayetokea baharini peke yake, na hatuwalaumu. Hata kwa njia fupi ya Kilwa amechukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wake, amekwenda kuuliza taratibu kwa Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), na kila atakaposhuka ataripoti kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe. Kuripoti huko alikuona kero. Tulimwambia kwamba kila jina litakaloandikwa katika daftari la kijiji ni alama ya nyayo. Ami yetu hakuacha hata moja.

Katika mambo ya ibada njia hii ina wepesi ambao hatukuwa tumeufikiria. Makka iko karibu juu ya mstari uleule wa kaskazini na kusini unaopita Dar es Salaam, kwa hiyo kibla cha pwani yote hii ni kaskazini, na msafiri wa Kilwa anakuwa na kibla mgongoni siku zote. Kabla ya Alfajiri katika msimu wa kaskazi, kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini huwa limesimama upande wa kusini. Akilipa mgongo ameelekea kibla hata dira ikipotea. Umbali wa safari unamruhusu kufupisha swala na kuzikusanya, hivyo Adhuhuri na Alasiri ataziswali pamoja akishashuka. Na likimkuta la kumkuta majini, ataswali akiwa amekaa, kwa kadiri awezavyo. Maji ya bahari ni tohara, hana haja ya kugusa dumu la kunywa kwa ajili ya udhu.

Lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuhusiana na bahari. Mwislamu mwenye jambo la kuusia ameelekezwa asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa, na kijana alipokaa kuuandika alidhani atatumia nusu ukurasa, kwani hana nyumba wala shamba. Alisahau saraka ya kibandani kwake. Tulipoifungua tulikuta simu za wateja 14. Nyingine zilikuwa zimekaa zaidi ya mwaka. Nyingine wenyewe wamelipa, nyingine wamelipa nusu, mbili hakumkumbuka hata mwenyewe. Kila moja ni amana. Tulikaa jioni tatu baada ya Isha tukipiga simu, tukitafuta watu kwa laini za zamani, tukibandika majina kwa gundi. Tisa zimerudishwa. Tatu zina jina na namba ya mwenyewe na kiasi kinachodaiwa. Mbili zisizo na mwenyewe zimewekwa kwa imamu wa mtaa mbele ya mashahidi. Madeni yake mwenyewe yalikuwa manne, na yote yameandikwa kwa jina, tarehe na kiasi, ili asitokee mtu wa tatu mlangoni.

Mama aliusoma ule wasia akiwa amesimama. Aliporudi kukaa alisema, “Haya, mwanangu. Lakini utanipigia kila siku baada ya Magharibi, na penye pasiposhika uniambie kabla.”

Kwa hiyo limeandikwa daftari lenye nakala mbili, moja la nyumbani na moja la mzee wa Feri. Limo kila kituo na tarehe zake mbili, ya Hijria na ya Kizungu, rangi ya kayaki, rangi ya nguo, namba za simu mbili za mitandao tofauti, na jina la mtu mmoja katika kila kijiji. Zikipita jioni mbili bila simu mahali panaposhika, mama atampigia mtu wa kituo cha mbele; akijibiwa kwamba hajafika, atampigia wa kituo cha nyuma; na saa hiyohiyo mjomba atakwenda Polisi Wanamaji na nakala mkononi. Mama amelifanyia mazoezi hilo. Tulimsikia akimpigia mtu wa Kimbiji ambaye hawajawahi kuonana, akajitambulisha, akaulizia watoto wake, akamweleza kijana wake alivyo, mpaka kovu la nyusi.

Kuondoka kumewekwa tarehe 8 Rajab, asubuhi, kutoka Kigamboni, Mwenyezi Mungu akijaalia na upepo ukikubali. Akienda kwa kilomita 25 kwa siku, akingojea maji mafu ya tarehe 21 huko Kisiju kwa ajili ya delta, atakuwa Kivinje mapema Shaaban, na atarudi kwa basi kabla ya Ramadhani. Kalenda ya ukutani jikoni imezungushiwa duara nyekundu kila siku ya njia. Kashata za kuuza zimefungwa ndani ya pipa namba tatu.

Hadi tunapeleka ukurasa huu mtamboni, daftari lina majina ya watu wa vituo vyote isipokuwa kimoja. Mtu wa Kisiju aliyekuwa ameahidiwa amehamia Mkuranga, na hapo ndipo kijana atakapokaa siku nyingi kuliko popote. Msomaji mwenye jamaa anayeaminika huko Kisiju tunamwomba atupigie ofisini kabla ya Ijumaa ijayo. Mama anangoja namba hiyo.